Mgongo wa Mjomba Kondo

Mjukuu wangu alikuja likizo kutoka Dar es Salaam amevaa koti la ngozi. Jua la Morogoro mnalijua, na mwezi ule lilikuwa halina huruma hata na mbuzi, lakini kijana kafunga vifungo mpaka shingoni, jasho linamtiririka, ati ndiyo mtindo. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumcheka. Akanikumbatia, pua yangu ikaingia kwenye ile ngozi iliyolowa jasho, na maneno yote yakanipotea. Nilimsukuma. Nilimsukuma kwa nguvu hata akapepesuka, kijana wa watu akabaki ananitazama. Nikamwambia nimeshikwa na kizunguzungu, nikaenda kukaa uani peke yangu.

Wenzangu wa rika langu wataelewa. Sisi tuliokuwa watoto enzi za Mdachi tumebaki wa kuokoteza, na kila mmoja ana harufu yake asiyotaka kukutana nayo. Namjua bibi mmoja hapa Mwembesongo ambaye hapiti karibu na katani mbichi. Huzunguka njia ya mbali na wala haelezi kwa nini. Mimi yangu ni ngozi yenye jasho. Hiyo ndiyo harufu ya Kondo, mjomba wangu, mdogo wake Mama.

Mama yao alifariki Kondo akiwa bado ananyonya. Mama yangu, naye msichana mdogo tu, ndiye aliyembeba mgongoni, akamtafunia ndizi, akamlaza. Hata alipokuwa mwanamume mwenye ndevu, Mama akimwona anakohoa humwekea kiganja kifuani kama mtoto wa juzi. Mimi nilirithi jina la marehemu bibi, kwa hiyo Mjomba hakuniita jina. Aliniita "mama". Akirudi kutoka kazini husimama mlangoni akasema, "Shikamoo mama," nami nilijaa kiburi, nikaitikia "Marahaba mwanangu" kwa sauti nzito, watu wakacheka.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye neno katika ukoo ni mjomba. Mjomba wao mkubwa kule mlimani alikuwa amezeeka, haoni vizuri, na aliyetajwa kushika nafasi yake ni Kondo. Wanawake walioshuka na ndizi walileta ujumbe uleule kila mara: mwambieni apande, kiti kisikae kitupu. Kondo alijibu kwamba atapanda. Alikuwa ameshuka mjini kwa sababu ya kodi, kama wanaume wote, akatiwa kwenye kazi ya kubeba machela. Walichukuliwa wanne wanne, Mzungu amelala katikati kwenye turubai anasoma, wanapanda naye mlima mpaka kwenye baridi. Baba yangu alikuwa amekwenda na reli kuelekea Tabora na alirudi mara moja moja, basi nyumba yetu ilikuwa ya Mama, mimi na Mjomba.

Mzungu aliyemtoa Kondo kwenye machela tulimwita Bwana Gurudumu. Jina lake la kwao tulilisikia, lakini lilikuwa la kukwama kooni. Alikuwa fundi kwenye karakana ya reli. Akitembea alikuwa kichekesho kama bata: bega moja limeshuka, mguu mmoja anauburuza, mapaja manene kuliko kiuno. Meno ya mbele hakuwa nayo. Lakini akikaa juu ya baiskeli yule bata alikwisha, ukaona mtu mwingine kabisa. Nasema ukweli, hata Mama ambaye hakuwapenda Wazungu alisema, "Huyu Mungu alimsahaulia miguu akampa magurudumu."

Alifanyiwa uwanja. Nyuma ya nyumba za mwisho, upande wa kwenda Mafiga ambako kulikuwa pori tupu, walipelekwa wanaume walioshindwa kodi, wakafyeka, wakasawazisha, wakachimba vichuguu na kuleta ule udongo mwekundu unaoshika kama saruji. Waliutwanga kwa magogo wiki baada ya wiki, mnyapara amesimama na kiboko chake. Aliyelegea alilazwa akapewa hamsa ishirini palepale, wenzake wakiendelea kutwanga. Sauti zile mbili tulizisikia mpaka nyumbani na kwa mbali hazikutofautiana sana. Ulipokwisha, uwanja ulikuwa duara refu, na kwenye kona udongo umeinuliwa kwa nje kama ukingo wa bakuli. Pembeni ya kona moja, ile iliyopakana na njia ya mtoni, kulikuwa na matete marefu.

Siku ya kwanza tulikwenda kutazama mtaa mzima. Bwana Gurudumu alimpandisha Kondo juu ya baiskeli nyingine, amemvika koti kubwa la ngozi lililotanuka mabegani, akamtanguliza. Kisha yeye akakaa nyuma yake, karibu kabisa, kichwa amekiinamisha kwenye mgongo wa Mjomba, wakaanza kuzunguka. Wakazunguka. Tukangoja waende mahali. Hawakwenda. Kila wakitoka walirudi palepale.

Jioni Mama aliuliza swali ambalo sote tulikuwa nalo. Alikuwa anasonga ugali na hakugeuka.

"Hivi, Kondo, yule mtu anatafuta nini pale?"

"Anafanya alichokuwa akifanya kwao, dada. Ndiyo iliyokuwa kazi yake."

"Kuzunguka?"

"Kuzunguka. Anasema kwao kuna nyumba kubwa, sakafu ni ya mbao, watu wanajaa kutazama mpaka wengine wanakaa juu ya miti nje. Alianza akiwa kijana wa kupeleka mikate kwa baiskeli. Akawapita wote. Picha ukutani, jina lake mtaani. Leo kanionyesha picha yake moja, amevishwa majani shingoni, mkufu mzima wa majani, na wakubwa wamemzunguka."

Mama akaacha mwiko. "Majani?"

"Majani, dada. Ukishinda unavishwa."

"Na wewe unatangulia ufanye nini?"

"Mimi nakata upepo. Upepo unanipiga mimi kifuani, yeye nyuma yangu hapati kitu. Kwao aliyekuwa anamtangulia alipanda chombo cha moto, kinanguruma na kutoa moshi, na yeye nyuma yake anakwenda kasi ambayo farasi hana. Hapa chombo hicho hakipo, basi nipo mimi." Akacheka. "Mimi ndiye mashine yake."

Sasa mnajua vizuri kama mimi mtu akisimuliwa hivyo, mtu wa Uluguru, anaelewa nini. Mganga anapokuja kuzindika shamba au nyumba hufanya nini? Huvaa majani yake, huzunguka, na mbele yake hutangulia mmoja wa kufungua njia, na hurudia palepale mpaka duara lifungike. Kibaya kikija hukuta mpaka. Kwa hiyo katika akili yangu ya utoto jambo likawa wazi: Bwana Gurudumu alikuwa mganga mkubwa huko kwao, anazindika mji wetu, na Mjomba ndiye mfungua njia. Koti lile la ngozi lilikuwa vazi la kazi. Nilijivuna nalo mtaani hata wenzangu wakachoka nami.

Wala si mimi peke yangu niliyefikiri hivyo, msije mkanicheka. Mwaka uleule ndui ilitokea upande wa Kisaki, ikala vijiji, ikapanda mlimani ikaua huko jamaa zetu. Mwembesongo iligusa nyumba chache ikapita. Kulikuwa na chanjo, sikatai, Wadachi walitupanga mistari na kutukwaruza mikono. Lakini sifa haikwenda kwa chanjo. Sifa ilikwenda kwa duara.

Aliyeanza kuchota ni Bi Mwamvua, jirani yetu, ambaye ukoo wake na wetu ni watani. Bi Mwamvua alikuwa na mdomo usiofungwa hata kwa kufuli. Alfajiri moja akienda mtoni aliingia kwenye matete, akachota gao la udongo, ujazo wa kiganja tu, kwenye ukingo wa kona, akauzika kizingitini kwake. Nguruwe hawakuvamia muhogo wake msimu ule. Akamwambia mmoja, mmoja akamwambia mwingine, na wote walichota palepale, kwa kuwa matete yaliwaficha wasionekane na mlinzi wa uwanja. Kila mtu gao moja tu. Nani angejua?

Mama alichelewa kwenda. Kilichompeleka si nguruwe, ni hofu. Siku moja Kondo alirudi amekwaruzika mkono wote, akasema wameanguka kidogo, na wakati Mama anamsafisha kwa maji ya chumvi akamweleza kisa kingine ambacho Bwana Gurudumu alikuwa amemsimulia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Yule rafiki yake wa kule Ulaya, aliyemtangulia kwa chombo cha moto, alikufa. Mpira ulipasuka wakiwa katika kasi. Rafiki akatupwa kwenye vizuizi, Bwana Gurudumu mwenyewe akapita juu yake, akavunjika bega na mguu na kumwaga meno. Walifagilia mchanga pale penye damu, mbio nyingine zikaendelea. Alipopona hakushinda tena. Kila akifika karibu na mgongo wa mtu, alisema, mikono iliweka breki yenyewe. Watu waliokuwa wakimvisha majani wakawa wanampigia miluzi atoke. Ndipo akapanda meli.

Mama alimtazama Kondo. "Kwa hiyo wa mbele ndiye anayekufa."

"Ah, dada. Ile ilikuwa mashine."

"Si umesema wewe ndiye mashine yake?"

Mama akamwambia apande mlimani kesho yake, kiti kinamngoja. Kondo akasema akiondoka sasa atarudishwa kwa kamba na kutiwa reli, kwani ruhusa ya kutofanya kazi nyingine imetoka kwa Bwana Gurudumu. Bwana ameahidi: sikukuu ya Kaisari ikifika atashindana na vijana wawili wa Kidachi, mbele ya wakubwa wote, na ikishapita Kondo atakwenda zake mlimani kwa cheti cha ruhusa. Bado wiki chache.

"Mwenda pole hajikwai," Mama alisema.

"Kweli, dada. Lakini na yeye hajawahi kuusikia upepo." Akanikonyeza. Alikuwa anaupenda ule upepo, Mungu amrehemu. Sisi tulimwona mtumwa wa Mzungu, na alikuwa hivyo, lakini akiwa juu ya baiskeli uso wake ulikuwa wa mtu asiyedaiwa na yeyote.

Basi tangu siku ile Mama akawa anachota. Si gao moja. Alipitia kwenye matete kila alfajiri tulipokwenda kuteka maji, mimi nimesimama na mtungi wangu nasikiliza vyura, yeye amechuchumaa anakwangua kwa kigae. Alishona vifuko vya kaniki, akavijaza ule udongo, akavitia ndani ya bitana ya lile koti la ngozi Kondo akiwa amelala: kimoja mgongoni, viwili mabegani, kimoja kila ubavu. Udongo uliozindikwa, kwa mtu aliyeuzindika mwenyewe, ungekosaje kumkinga? Na kwa kuwa Mama alikuwa mtu nadhifu, tena fundi wa kukandika sakafu aliyeitwa mpaka kwenye nyumba za Waarabu, hakuacha shimo. Alichukua mchanga mtoni, akafukia alipochota yeye na walipochota wenzake wote, akamwagia maji kidogo, juu akapaka tope jekundu jembamba na kulilainisha kwa kiganja. Ukitazama usingejua pameguswa. Hata mlinzi hakujua.

Sikukuu ilipofika bendera zilikuwa kila mahali na tarumbeta za askari zilipigwa tangu asubuhi. Wazungu walikaa chini ya turubai na bia zao, sisi tulipangwa upande wa pili juani. Mama hakutaka kwenda, kisha akaenda, kisha akasimama karibu na ile kona ya matete. Nadhani aliona ndipo penye nguvu zaidi.

Vijana wa Kidachi walikwenda mbio sana mwanzoni, watu wakapiga kelele. Bwana Gurudumu hakuwajali. Alikuwa amejikunja nyuma ya Mjomba kiasi kwamba kutoka mbele ulimwona Kondo tu, kifua kimejaa, koti limevimba, jasho linaruka. Wakampita kijana wa kwanza. Wakampita wa pili. Wazungu wakasimama kwenye viti. Nilikuwa napiga kelele "Mwanangu! Mwanangu!" na watu pembeni yangu wakicheka.

Siku za mazoezi walipita chini, karibu na mstari wa ndani. Lakini mashindano yana desturi yake: katika mzunguko wa mwisho, wa mbele hupanda juu ya ukingo, akampisha wa nyuma amalize peke yake. Kondo alipofika kwenye kona yetu aliinua mkono, akapanda juu ya ukingo kumpisha bwana wake. Gurudumu la mbele likazama. Lilizama kama limeingia kwenye uji. Baiskeli ilisimama na Mjomba hakusimama. Aliruka juu yake akaangukia kichwa na bega kwenye nguzo ya bendera. Bwana Gurudumu alipita ubavuni mwake, akagusa, akaanguka mbele huko, akainuka mara moja na kuanza kuchechemea kurudi, anaita jina ambalo halikuwa la Kondo.

Walimbeba Mjomba kwa machela. Wenzake walewale wa zamani walimbeba, wakabadilishana bega kwa wimbo wao wa kazi kwa kuwa hawakujua kutembea na machela bila kuimba. Daktari wa Kidachi alikuja nyumbani, akamchoma sindano miguuni, Kondo hakushtuka. Daktari akafunga mkoba.

Alikaa siku chache. Kichwa kilikuwa kizima, maneno yalikuwa mazima, ila kuanzia shingoni kwenda chini hapakuwa na mtu. Mama alikaa miguuni pake.

"Dada, miguu yangu iko wapi?"

"Ipo, Kondo. Nimeishika."

"Sikusikii."

"Nimeishika hapa, ndugu yangu. Yote miwili."

Kisha akasema, akitazama makuti ya dari: "Palikuwa laini, dada. Ukingo mzima mgumu, pale tu palikuwa laini. Kama mtu kafukia kitu."

Mama aliachia miguu. Nilimwona. Alitazama viganja vyake, akaviweka mapajani, kisha akaishika tena ile miguu, na hakutoka pale hata kula mpaka Mjomba alipokata roho. Ijumaa iliyofuata haikumkuta.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu, nami niliyaamini kwa miaka. Niliamini Mjomba alikufa kwa kuwa Mama alichota udongo kidogo mno. Nilihesabu vifuko moyoni, mgongoni, mabegani, mbavuni, nikakumbuka kuwa shingoni hakuweka. Nilimkasirikia Mama kwa hilo. Nilikataa chakula chake, na yeye hakunilazimisha, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Mnyapara alitaka kuwachapa walinzi wote wa uwanja. Bwana Gurudumu alimkataza. Alisema ni mvua, maji yamekula ukingo kwa ndani, na kwamba yeye mwenyewe hakukagua. Kosa ni lake.

Siku ya matanga nyumba ilijaa. Watu wa mlimani walishuka, kimya, wamekuja kumchukua mrithi wao na wamemkuta kaburini. Na kama ilivyo ada, mtani alifanya kazi yake. Bi Mwamvua alilitungua lile koti la ngozi kutoka ukutani akalivaa, likamfika magotini, akainama, akakamata usukani usiokuwepo, akaanza kuwazunguka waombolezaji.

"Nipisheni! Nipisheni, mimi Kondo! Nyinyi mnakufa mmelala, washamba, mimi nimekufa kwa mbio! Malaika wamenikimbiza hawakunipata!"

Watu walicheka, wakalia, wakacheka. Ndivyo inavyofanywa, ili moyo usipasuke. Lakini machozi ya Bi Mwamvua yalikuwa yanadondoka kwenye kola ya lile koti na hakuyafuta, na kila alipopita mbele ya Mama alitazama pembeni.

Hapo ndipo Bwana Gurudumu alipoingia uani. Alikuja kwa miguu, bila askari, mkono amefungwa bendeji. Kicheko kilikatika. Alimwona mwanamke amevaa koti la maiti anaigiza kuendesha, uso wake ukawa mweupe kama chokaa, na sote tukajua kiboko kimefika. Bi Mwamvua angeweza kukimbia. Badala yake alimwendea mpaka akamfikia kifuani.

"Na wewe unatazama nini? Huyu alikuwa mbele yako, leo hakuna wa mbele. Vua kofia hiyo, ni yangu, ndiyo haki ya mtani!"

Bwana Gurudumu akavua kofia yake, akampa. Kisha akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mkeka wa Mama, akapiga magoti. Goti lake bovu lilikataa, ikabidi ashike chini kwa mkono. Mzungu, mbele ya mwanamke aliyejifunga kaniki.

"Mama," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha karakana. "Mimi siku zote nyuma. Kule, rafiki yangu mbele, yeye kufa, mimi hapana. Mimi nakuja hapa, nasema moyoni, sitakaa nyuma ya mtu tena. Halafu naona Kondo, mgongo mzuri, mimi nasema kidogo tu, mara moja tu. Mimi mwongo. Mimi nimeua watu wawili. Nipe samahani. Tafadhali, mama, nipe."

Mama alifungua mdomo. Nilikuwa ubavuni pake, niliona ulimi wake umeinuka kusema jambo. Wazee wa mlimani walikuwa wanamtazama. Bi Mwamvua, kofia mkononi, alikuwa anamtazama, anatikisa kichwa kidogo sana, kama kumkataza. Jogoo wa jirani aliwika na kuwika.

"Nimekusamehe, bwana," Mama alisema.

Yule mtu alilia hapo mkekani kwa sauti, kinywa kisicho na meno kimeachama, mabega yote mawili yanatikisika. Alipoinuka alikuwa mwepesi. Alitoka uani akiwa wima kuliko nilivyowahi kumwona akitembea, na nilimchukia Mama kwa kumpa kirahisi hivyo kitu ambacho mimi nisingempa. Haukupita muda akarudi kwao. Wengine walisema wameisikia habari yake, kwamba amepata kupanda tena mashindanoni na amevishwa majani. Sijui kama ni kweli. Vita vikaja, uwanja ukaota magugu, na leo watu wamejenga.

Miaka mingi baadaye, nimeshaolewa na nina watoto, nilimwita Mama anisaidie kukandika sakafu ya chumba kipya. Nilikuwa mtu mzima, na bado nilikuwa sijaelewa. Tulipiga magoti pamoja. Alikuwa mzee lakini kiganja chake bado kilikuwa kile. Nikamsifu. Nikasema, Mama, unavyolainisha, mtu hajui pamechimbwa wapi.

Kiganja kilisimama. Alikaa kitako kwenye tope bichi, akanieleza yote, polepole, bila kulia: udongo, mchanga wa mtoni, tope jembamba la juu. Alikuwa amelibeba peke yake tangu siku ile. Mwingine aliyejua alikuwa Bi Mwamvua, naye alikuwa ameshakufa.

"Alikuja kuniomba msamaha kwa jambo langu," alisema. "Nikampa. Akaenda zake amepona. Mimi nani anipe?"

Nikasema lile linalosemwa. "Mungu ni mwingi wa rehema, Mama."

"Najua," akajibu, akarudisha kiganja kwenye tope. "Lakini aliyevunjika shingo si Mungu."